Karakana ya Wasomaji: Swichi Kwanza, Mota Baadaye

SWALI: Ninaishi Pasua, Moshi, na nina mashine ndogo ya CNC (inayochonga ikiongozwa na kompyuta) yenye eneo la kuchongea la sentimita 30 kwa 18, ambayo huitumia kuchonga vibao vya majina kwa mbao za mninga. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine ikiwashwa tena haijui ilikuwa wapi, na kibao kilichofika nusu huishia kuwa kuni. Shemeji yangu ananishauri nianze kwa kufunga mota ya kuchongea iliyo kubwa zaidi. Je, nimfuate?

JIBU: Kwa heshima zote kwa shemeji yako, hapana. Mashine za ukubwa huo kwa kawaida hutembea juu ya fimbo za chuma za milimita 10 zilizoshikwa kwenye ncha tu, nazo hunepa kidogo kila biti, yaani ncha ya kukatia, linapokutana na ubao mgumu. Mota nzito huzidisha mzigo juu ya fimbo zilezile bila kuzifanya imara. Ukitaka kutumia fedha upande huo, badili fimbo kwanza, kwa sababu uwezo wa fimbo kutopinda hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hiyo kutoka milimita 10 hadi 12 utapata uimara wa takribani mara mbili, ingawa itakubidi kubadili na beringi pamoja na vishikizo vyake.

Hasara unayoieleza, hata hivyo, haihusiani na nguvu ya mota. Bodi inayoongoza mashine huhesabu tu hatua ilizoziamuru mota zitembee, na umeme ukikatika hesabu hiyo hufutika. Dawa yake ni swichi tatu ndogo, moja kwa kila mhimili (mwelekeo wa mwendo), zitakazoipa mashine mahali pa kurejea. Huna haja ya kuziagiza kutoka mbali: mafundi wa mashine za fotokopi na wa maikrowevu huwa nazo kwenye masanduku ya vipuri vibovu. Zifunge kwa namna ambayo saketi imefungika wakati swichi haijabanwa, kisha, kama bodi yako inatumia GRBL, programu inayoendesha mota, weka mpangilio wa $5=1 ili ielewe mpangilio huo. Faida yake ni kwamba waya ukikatika bodi itaona kama swichi imebanwa, badala ya kwenda kugonga ukuta huku ukidhani swichi ipo.

Baada ya hapo weka $22=1, inayoruhusu mashine kutafuta swichi zake, na kila unapowasha mashine anza na amri ya $H, inayoipeleka ikaziguse. Jambo ambalo wengi hulisahau ni namna ya kuweka sifuri ya kazi, yaani mahali ambapo vipimo vya kibao chako vinaanzia: tumia G10 L20 P1, ambayo huhifadhiwa katika kumbukumbu ya kudumu ya bodi, wala si G92, ambayo hupotea pamoja na umeme. Umeme ukirudi, na ubao wako ukiwa haujasogezwa hata kidogo, $H itakurudisha kwenye sifuri ileile, nawe utaendelea kutoka mstari wa faili uliotangulia kidogo pale kazi ilipokomea.

Ukiona mashine inasimama yenyewe na kudai imegusa kikomo mara tu mota ya kuchongea inapowaka, usilaumu swichi. Cheche za brashi za mota huingiza mtetemo wa umeme katika nyaya. Tenganisha nyaya za swichi na zile za mota, tumia waya wenye wavu wa kinga uliounganishwa na GND (pini ya ardhi ya bodi) upande wa bodi peke yake, na uweke kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya kila pini ya swichi na GND.

SWALI: Mimi ni mama ninayeishi mtaa wa Sakina, Arusha, natengeneza zawadi za watalii. Kila nikibadilisha biti, kina cha mchongo kinabadilika, na kupima kwa kupitisha karatasi chini ya biti kumenichosha.

JIBU: Mama, omba kipande cha bapa la alumini kwa fundi madirisha, ukisugue kiwe bapa kabisa na ukipime unene kwa kalipa. Unganisha waya mmoja kutoka kwenye kipande hicho hadi pini ya kupimia ya bodi, na mwingine kutoka GND hadi kibanio kinachouma biti. Kiweke juu ya ubao, zima mota, kisha toa amri ya G38.2 Z-20 F50. Biti litashuka polepole na kusimama linapogusa. Kama kipande kina unene wa milimita 5, malizia kwa G10 L20 P1 Z5, na sifuri itakuwa kwenye uso wa ubao. Kabla ya kutoa amri ya kwanza, gusisha kibanio na kipande kwa mkono, uangalie kwenye skrini kama bodi imeona mguso. Mimi niliwahi kuruka hatua hiyo kwa haraka zangu, nikavunja biti na kutoboa meza.

SWALI: Nina karakana Unga Limited, Arusha. Vumbi la mpingo linanisumbua macho na pua. Bomba la kifyonza vumbi nililofunga kando ya biti halisaidii.

JIBU: Bomba lililo wazi huvuta hewa ya chumba zaidi ya vumbi. Tengeneza kifuniko cha plastiki kinachozunguka biti, ukining'inizie pembeni vipande vyembamba vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, vilivyochanwa kama pindo la shuka, vifike kwenye ubao. Kifunge kwenye kishikizo cha mota ili kishuke na kupanda nayo. Barakoa ya kitambaa haitoshi kwa vumbi la mpingo. Tafuta yenye kichujio cha chembe, uvae na miwani ya kazi iliyoziba pembeni.