Mlevi Bora wa Sinema ya Japani

Swali lenu la wiki hii linauliza: ni mwigizaji gani wa sehemu ndogo aliyekukaa kichwani kuliko steringi mwenyewe? Wangu ni Eijirō Tōno wa Japani. Steringi ninayemwacha nyuma ni Toshirō Mifune, nyota mkubwa wa filamu za Kijapani, kwa hiyo najua nimejitafutia ugomvi.

Wengi mmeshamwona bila kumjua jina. Katika Yojimbo ya mwongozaji Akira Kurosawa (1961) yeye ndiye Gonji, mzee mwenye kilabu cha pombe katika mji uliogawanywa na magenge mawili. Mgeni, ambaye ni Mifune, ameingia, hajui nani ni nani, na sisi watazamaji hatujui pia. Gonji anafungua dirisha moja na kumwonyesha wakubwa wa upande huu, anafungua jingine na kumwonyesha wa upande ule, huku jirani yake mchonga majeneza akigonga misumari mfululizo. Habari zote za mji tunazipata kwa mzee anayenung'unika. Anamwambia mgeni ale aondoke zake, lakini chakula anampa. Mifune hapo hana kazi zaidi ya kutafuna na kusikiliza. Jaribuni kumtoa Gonji kwenye filamu hiyo muone kama mtaelewa chochote kinachofuata.

Katika Samurai Saba (1954), nayo ya Kurosawa, sehemu yake ni fupi zaidi: ni mwizi aliyejifungia bandani na mtoto wa watu. Takashi Shimura, anayeigiza samurai, ananyoa kichwa, anajifanya mtawa, anaingia. Mwizi anatoka mbio, anasimama kwenye ncha za vidole, anaanguka polepole. Basi, kazi imekwisha.

Kwa nini mtu wa kiwango hicho akubali kuja kufa tu kwenye filamu ya mwenzake? Hapa ndipo maisha yake yanaponivutia. Tōno alizaliwa mwaka 1907 huko Tomioka, mkoa wa Gunma, akalelewa kisanaa na shingeki, yaani tamthilia ya kisasa, wakati watu wake wengi walikuwa wa mrengo wa kushoto na polisi hawakuwapa nafasi ya kupumua. Kundi lake la tamthilia, Shin-Tsukiji, lilivunjwa na serikali Agosti 1940. Mwaka 1944, vita vikiwa vimepamba moto, yeye na Koreya Senda na wenzao wachache wakaanzisha kundi la Haiyūza. Baada ya vita walitaka jumba lao wenyewe la maonyesho. Pesa hawakuwa nazo, ila walikuwa na sura na sauti ambazo studio za filamu zilizihitaji. Wakaenda kuigiza huko, na sehemu ya malipo ikaingia kwenye mfuko wa ujenzi. Jumba lilifunguliwa Roppongi, Tokyo, mwaka 1954, mwaka uleule wa yule mwizi wa bandani. Nikitazama orodha yake ya filamu karibu 250, sioni mtu aliyekosa bahati ya kuwa staa. Naona mtu mwenye jukwaa la kulisha.

Lakini kilichonifanya niandike ni ulevi wake katika filamu za mwongozaji Yasujirō Ozu. Waigizaji wengi wana mlevi mmoja tu, anayeyumba na kukoroma. Tōno alikuwa nao wengi. Katika Tokyo Monogatari (1953) ni Numata, baba anayekunywa na marafiki wa zamani hadi siri imtoke: mwanawe aliyemsifu kuwa mkubwa kazini, kumbe cheo chake ni kidogo tu. Wakati huo Tōno alikuwa na miaka 46, na hakuna anayeshtuka kwamba huyo si mzee. Katika Ohayō (1959) ni mstaafu anayetafuta kazi, anarudi usiku amelewa na kuingia nyumba ya jirani akidhani ni yake. Huyo unamcheka kwa raha.

Kisha Sanma no Aji (1962). Anaigiza mwalimu mstaafu aliyealikwa karamu na wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa ni watu wazima wenye vyeo. Yeye anauza tambi. Anakula samaki wao kwa mshangao, anakunywa kupita kiasi, wanamrudisha nyumbani, na binti yake ambaye hakuolewa anabaki akilia. Mmoja wa hao "wanafunzi" ni Chishū Ryū, aliyemzidi mwalimu wake miaka mitatu! Anayeigiza binti ni Haruko Sugimura, rika la Tōno kabisa. Hata hivyo unamwamini mwalimu huyu tangu anapoinamisha kichwa kushukuru mara nyingi mno, kama mtu aliyesahau kwamba hapo yeye ndiye wa kuheshimiwa.

Najua Wajapani wengi wangemtaja kwa jambo jingine: tangu 1969 hadi 1983 alikuwa Mito Kōmon kwenye televisheni, mtawala mstaafu anayezunguka nchi akijifanya mfanyabiashara, kisha nembo ya ukoo inatolewa na waovu wanapiga magoti. Ndiyo iliyompa umaarufu wa nyumba kwa nyumba, pamoja na kile kicheko chake. Kwangu ni kazi safi, lakini mzee mwenye nembo mfukoni hana cha kupoteza, na Tōno alikuwa hatari zaidi akiigiza mtu ambaye mfuko wake ni mtupu. Anayetaka kumjua aanze na ile ya 1962.