Maswali ya Wasomaji: Yeremia 29:11, Makato ya Mshahara na Laana ya Ukoo

Maswali nimeyafupisha na majina nimeyaficha. Mimi ni Mlutheri, nafundisha darasa la Biblia la watu wazima. Pale ninapojibu kwa jicho la dhehebu langu nitasema wazi, ili msomaji Mkatoliki, Msabato au Mpentekoste ajue ananisikiliza vipi.

Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Kwenye mkesha huku Mbagala tuliambiwa tushike Yeremia 29:11, na ndani ya siku saba kila asiye na kazi ataajiriwa. Nilifunga, nikatoa na sadaka ya mbegu. Huu ni mwezi wa tatu. Ni imani yangu ndiyo ndogo?

Asifiwe sana, dada yangu. Imani yako haina kasoro. Mstari huo unasema Mungu anawawazia watu wake mawazo ya amani, kuwapa tumaini siku zao za mwisho. Uliahidiwa kitu ambacho mstari wenyewe haukiahidi.

Fungua Yeremia 29, uanzie mstari wa 1. Hiyo ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Wenzetu hao walikuwa na swali moja tu: tunarudi lini? Mstari wa 5 unawajibu: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Wa 6 unawaambia waoe na kuozesha. Yaani fungueni mizigo, safari ya kurudi haipo leo wala kesho. Na wa 10, ambao umepakana kabisa na huo wa 11 tunaoubandika kwenye vioo vya bajaji, unataja miaka sabini. Watu wazima wengi waliosomewa barua ile walizikwa ugenini. Tumaini lilikuwa la kweli, maana mwaka 538 kabla ya Kristo Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliwaruhusu Wayahudi kurudi, ila waliolionja ni watoto na wajukuu.

Sasa rudi nyuma sura moja. Katika Yeremia 28 yupo nabii mwingine, Hanania, amesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili mateka watarudi, pamoja na vyombo vya hekalu vilivyochukuliwa Babeli. Akamvua Yeremia nira aliyoivaa shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli, akaivunja hadharani. Nadhani hata mimi ningepiga makofi, kwa jinsi alivyoongea kwa uhakika. Mwaka huohuo Hanania akafa, na miaka miwili ikapita bila vyombo vya hekalu kurudi. Kinachonisikitisha ni kwamba siku hizi tunachukua mstari wa Yeremia na kuhubiri nao mahubiri ya Hanania.

Wewe ufanye nini? Mstari wa 7 unawaagiza mateka wautakie amani mji walioko na kuuombea, kwa kuwa katika amani ya mji huo na wao watapata amani. Peleka barua zako za kazi, uliza watu, na kama unakaanga maandazi asubuhi ili mkono uende kinywani, endelea bila kuona aibu. Huko nako ni kupanda bustani Babeli. Omba kila siku. Na usiongeze hiyo sadaka ya mbegu. Aliyekupangia siku saba ndiye anayedaiwa maelezo, si wewe.

Mwalimu, namba ya NIDA ni ile 666?

Hapana. Ufunuo 13:18 unamwambia msomaji wa wakati ule "aihesabu" hesabu ya mnyama, maana yake aliweza. Herufi za Kiebrania zilitumika pia kama tarakimu, na jina la Kaisari Nero, aliyetawala Roma mwaka 54 hadi 68, likiandikwa kwa herufi hizo linajumlisha 666. Wataalamu wengi wanaona ndiye aliyekusudiwa, au ndiye kielelezo. Ajabu yetu ni kwamba tunaiogopa alama ya sura ya 13, halafu mstari unaofuata, 14:1, wenye watu walioandikwa jina la Mwanakondoo kwenye vipaji vya nyuso zao, hakuna anayeuulizia. Nenda kachukue kitambulisho chako.

Shikamoo mwalimu. Fungu la kumi linatolewa kabla ya makato au baada? Wakishakata kodi, NSSF na marejesho ya bodi ya mikopo, ninachobaki nacho hata kodi ya chumba hapa Tabata hakitoshi. Mzee wa kanisa anasema nikitoa baada ya makato namwibia Mungu.

Marahaba, mwanangu. Huyo mzee amenukuu Malaki 3, na naomba asome nami sura hiyohiyo mistari michache juu. Malaki 3:5: Mungu anasema atakuwa shahidi juu ya wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, na wale wanaomwonea mwajiriwa kwa ajili ya mshahara wake. Sura ya 1 na ya 2 ndizo kali zaidi, na zimeelekezwa kwa makuhani waliokuwa wakileta madhabahuni wanyama vipofu na vilema. Nimesikia Malaki 3:10 ikihubiriwa mara nyingi sana. Malaki 2:1, "Na sasa, enyi makuhani, amri hii yawahusu ninyi," bado naisubiri.

Turudi kwenye hesabu yako. Kuhusu fungu la kumi, Torati haikuzungumzia mshahara. Mambo ya Walawi 27 inataja mazao ya shamba, matunda na mifugo. Kumbukumbu la Torati 14 inaongeza jambo ambalo huwa linawashtua watu darasani: fungu hilo mwenyewe ulikula, wewe na nyumba yako, mbele za Bwana, mkifurahi; na kila mwaka wa tatu liliwekwa malangoni kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Swali la kabla au baada ya makato halina jibu humo, kwa sababu mkulima wa Israeli hakuwa na hati ya mshahara. Yesu katika Mathayo 23:23 hakuikataa zaka ya mnanaa na jira. Aliwakemea wanaopima majani huku wameacha adili, rehema na imani. Na Paulo aliposimamia mchango mkubwa wa kuwasaidia watakatifu wa Yerusalemu hakutaja asilimia yoyote. Alisema kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima" (2 Wakorintho 9:7).

Msimamo wangu, na najua wachungaji wengine watanipinga: kodi na michango ya lazima ambayo haijawahi kupita mkononi mwako, usiihesabu. Marejesho ya bodi ya mikopo, ukipenda, yaache nje pia. Lakini mkopo wa friji na simu usiuite makato, hiyo umeshaila. Kiasi kinachobaki, kaa chini ukitazame, uamue kiwango unachoweza kukitoa mwezi hadi mwezi bila kukopa kwa jirani. Kodi ya chumba ilipwe. Mwenye nyumba wako naye ni jirani unayeagizwa kumpenda.

Mchumba wangu ni Mkatoliki, Biblia yake ina vitabu 73, yangu 66. Mama yangu anasema hivyo vya ziada vimechomekwa. Tutasoma ipi nyumbani?

Someni zote mbili. Hivyo saba ni Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Makabayo viwili, na kuna nyongeza katika Esta na Danieli. Vilikuwamo katika tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale iliyotumiwa na Wakristo wa mwanzo, lakini Wayahudi hawakuviingiza katika orodha yao ya Kiebrania. Kati ya walimu wa Kanisa la kale, Hieronimo alivitilia mashaka tangu zamani hizo, Augustino akavitetea. Luther, katika Biblia yake ya mwaka 1534, hakuvitupa: aliviweka peke yake kati ya maagano mawili, akasema si sawa na Maandiko lakini vinafaa kusomwa. Mwaka 1546 Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukathibitisha kwa Wakatoliki kwamba ni Maandiko kamili. Kwa hiyo mwambie mama, kwa heshima, kwamba hakuna aliyechomeka kitu usiku.

Na vina faida hata kwetu. Yohana 10:22 inataja sikukuu ya kutabaruku, wakati wa baridi, na Agano la Kale la vitabu 39 halielezi ilitoka wapi. Habari yake iko katika 1 Makabayo 4. Biblia Habari Njema hupatikana kwa matoleo yote mawili, lenye Deuterokanoni, yaani vitabu hivyo vya ziada, na lisilo nazo. Nunueni hilo kubwa, muweke sebuleni.

Jirani yangu wa duka Kariakoo ni Mwislamu, tunaelewana sana. Ameniuliza neno Utatu liko wapi kwenye Biblia. Nilikosa jibu.

Mjibu ukweli: neno hilo halimo. Lilianza kutumika katika karne ya 2, na Tertuliano wa Karthago ndiye aliyelizoesha katika Kilatini. Kilichomo ni mambo ambayo neno hilo linayakusanya: Mungu ni mmoja, Yesu anaombwa na kuabudiwa, Roho anasema na kutuma watu, na ubatizo unafanywa kwa jina, jina moja, la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu (Mathayo 28:19). Mtaguso wa Nikea mwaka 325 haukubuni imani hiyo. Ulikutana kwa sababu Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa. Kanuni ya imani inayosomwa leo Azania Front na pale Mtakatifu Yosefu imetokana na mtaguso huo pamoja na ule wa Konstantinopoli wa 381.

Nakuonya kwa mambo mawili. Usimpe 1 Yohana 5:7, yale maneno ya Baba, Neno na Roho kuwa umoja, kwa sababu hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Yaliingia baadaye kupitia Kilatini, na jirani aliyesoma kidogo atakuumbua mbele ya wateja. Pili, achana na mfano wa barafu, maji na mvuke. Huo unafundisha Mungu mmoja anayebadilisha sura, kosa alilokataliwa nalo Sabelio katika karne ya 3. Anza na kumwondolea wasiwasi wake halisi: hatusemi miungu ni mitatu, wala hatusemi Mungu alioa akazaa. Hapo mtaongea vizuri, na chai mtakunywa.

Nina kisukari, natumia dawa. Kanisani tumetangaziwa kufunga kavu siku tatu kama Esta.

Usifunge kavu. Esta alifunga hivyo mara moja, taifa lake likiwa limeshaandikiwa hati ya kuuawa. Danieli 10:3 inaeleza mfungo mwingine: majuma matatu bila chakula kitamu, nyama wala divai. Huo unaweza kuujadili na daktari wako. Na soma Isaya 58, ambako Mungu anauliza kama kufunga si kumgawia mwenye njaa chakula chako. Dawa zako zinywe kwa saa zake.

Familia yetu wanaume hawadumu kwenye ndoa. Nimeambiwa ni laana ya ukoo. Kuna meza unajaza fomu ya majina ya mababu, na sadaka ya ukombozi ni sh. 70,000. Nilipe?

Usilipe. Wakati wa Ezekieli watu walikuwa na methali: "Baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi." Mungu akaipiga marufuku, sura nzima ya 18, na mstari wa 20 unasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Kutoka 20:5, inayonukuliwa kwenye hizo meza kwamba Mungu huwapatiliza wana maovu ya baba zao, inasema ni wa "wanichukiao". Wewe humchukii. Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana, na hakuna fomu.

Sisemi hakuna kinachorithiwa. Mtoto aliyelelewa akimwona baba anapiga na kulewa anajifunza hivyo kama anavyojifunza kuongea. Hilo linahitaji maombi, mchungaji asiyetoza, na kuzungumza na mkeo mapema. Na kuhusu hiyo elfu sabini, soma 2 Wafalme 5 yote. Nabii Elisha alikataa hata senti ya Naamani, mtu aliyeponywa ukoma. Aliyemkimbilia Naamani nyuma kudai fedha ni Gehazi, mtumishi wa Elisha, na ukoma huo ukamshika yeye.

Nianzie wapi kusoma Biblia? Nimekwama Walawi mara nyingi.

Marko. Ina sura 16 na inakwenda mbio. Ukipanda mwendokasi Kimara ukapata kiti, utashuka Kivukoni umemaliza sura kadhaa. Ukifika 16:8 simama kwanza, kwa sababu nakala mbili kongwe za karne ya 4 zinaishia hapo, wanawake wakikimbia kutoka kaburini kwa hofu. Kisha niandikie unadhani kwa nini.