Jibu: Kurekebisha na kurudia amri ndefu ndani ya psql

Habari ndugu. Umeeleza kuwa swali lako la mistari 40 katika psql (programu ya kuandikia hifadhidata ya PostgreSQL amri) linakataliwa kwa sababu ya jina moja la safu lililokosewa, nawe hulazimika kuliandika upya lote. Kwanza bonyeza mshale wa juu: ukiona ^[[A badala ya amri iliyopita, psql yako haina maktaba ya readline (inayokumbuka na kurudisha amri zilizopita), basi anza na hilo. Kama amri inarudi, ifute kwenye mstari, kisha andika \e, na swali la mwisho litafunguka katika kihariri ili ulirekebishe, uhifadhi na kutoka. Nakusihi uwe mwangalifu hapo, kwani swali linaloishia kwa nukta mkato hutekelezwa mara tu unapofunga kihariri. Niliwahi kufuta data nisiyokusudia kwa namna hiyo, na tangu siku hiyo kila DELETE (amri ya kufuta data) huiondolea nukta mkato kwanza, nikaikagua kwa \p inayoionyesha bila kuitekeleza, ndipo nikairuhusu kwa \g au kuiacha kwa \r. Usipopenda kihariri kinachofunguka, taja chako katika PSQL_EDITOR, kigezo cha mazingira cha mfumo wako. Kwa amri za zamani zaidi, bonyeza Ctrl-R kisha uandike kipande cha neno unalolikumbuka. Haya yote nimeyafanya kwenye Linux.