Aende Johannesburg na viza ya matembezi, halafu abadilishe kule?

SWALI: Mwalimu, jambo. Mimi ni mjane, nauza vitenge katika soko la komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka 18, amepata diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, kwa asilimia 64 na anataka kusoma uinjinia Afrika Kusini. Baba yake mdogo anafanya kazi Johannesburg, anasema: “Mlete na viza ya matembezi, tutabadilisha huku.” Kuna bwana mwingine hapa mjini anaomba dola 1,500 ili atoe viza ya masomo kwa wiki mbili, bila maswali ya benki. Pesa zangu ziko katika mali ninayouza na katika likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana kwa zamu, benki sina kitu. Nishike njia gani?
Mama wa Katuba

JIBU: Mama, hongera sana. Asilimia 64 si mchezo, na ada ya shule ulilipa peke yako. Kwa hiyo nakwambia wazi: mtoto asiende na viza ya matembezi.

Baba mdogo anasema kwa mapenzi, na zamani wako waliobadilisha. Lakini kanuni za uhamiaji zilizoanza kule Mei 2014 zilifunga mlango huo. Aliyeingia kama mgeni wa matembezi haombi viza ya masomo akiwa ndani ya nchi. Anarudi kuiombea kwao. Walioachiwa nafasi ni wachache, kwa mfano mke au mtoto wa mwenye viza ya kazi. Mtoto wa ndugu hayumo. Tena viza ya matembezi hutolewa kwa muda usiozidi siku 90. Akibaki kwa baba mdogo na kuzidisha zaidi ya siku 30, anaweza kuandikwa mtu asiyetakiwa na kuzuiwa kuingia kwa miaka 5. Miaka 5, Mama, ni muda wa kumaliza chuo kizima!

Dosie ya kweli, yaani faili la maombi ya viza, inaanza na barua ya chuo kikuu kwamba amekubaliwa. Bila barua hiyo hakuna viza. Masomo kule yanaanza mwezi wa pili, na vyuo vingi vya serikali vinafunga maombi karibu na mwezi wa tisa au hata kabla, wakati sisi matokeo yanatoka katikati ya mwaka. Ndiyo maana hakuna nafasi ya kulala. Usingoje diplôme yenyewe, unajua inavyochelewa. Chukua attestation (karatasi ya muda ya kufaulu) na bulletins (ripoti za alama) za miaka ya mwisho, zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri aliyeapishwa. Kikiwa chuo cha binafsi, hakikisha kimeandikishwa na wizara ya elimu ya juu ya kule. Picha za majengo mazuri kwenye WhatsApp hazithibitishi kitu.

Sasa kaa chini na mtoto, pangeni juu ya meza pasipoti, attestation na cheti cha kuzaliwa, msome majina herufi kwa herufi: nom, postnom, prénom, yaani jina la familia, lile linalolifuata na jina la kwanza. Nimeona dosie nzuri ikikwama kwa sababu shule iliandika Muamba na pasipoti inasema Mwamba. Afisa wa kigeni hajui kwamba kwetu ni jina lile lile. Yeye anaona watu wawili. Rekebisheni kabla ya kutuma lolote.

Karatasi za afya ziache zifuate barua ya chuo, kwa sababu ripoti ya daktari haitakiwi kupita miezi 6. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano anaweza kuitafuta hata leo: chanjo inaanza kuhesabiwa baada ya siku 10, na tangu 2016 inatosha kwa maisha yote. Casier judiciaire, hati inayoonyesha kama mtu aliwahi kuhukumiwa kwa kosa, inahitajika pia. Kile cheti cha komini cha mwenendo mwema ni karatasi nyingine. Na bima ya afya iwe ya mfuko ulioandikishwa Afrika Kusini kwenyewe. Bima ya safari inayouzwa pamoja na tiketi haikubaliki kwa masomo.

Nakuja kwenye pesa, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Likelemba ni pesa halali, lakini afisa wa viza haioni. Yeye anasoma relevé ya benki, yaani orodha ya pesa zilizoingia na kutoka, ya miezi kadhaa. Ukifungua akaunti leo na kumwaga dola elfu kadhaa kesho, atauliza zimetoka wapi, na ana haki ya kuuliza. Fungua akaunti wiki hii. Kila Jumamosi weka mauzo yako, hata yakiwa kidogo, na ubakize risiti za mali unayonunua. Zamu yako ya likelemba ikifika, muombe mama anayeshika daftari aandike barua fupi: wanachama ni wangapi, kila mmoja anatoa ngapi, wewe umepokea ngapi na tarehe gani, asaini. Weka pesa hizo benki siku ile ile, ili tarehe mbili zifanane. Kazi yako ya soko ni ya heshima, nataka ionekane katika dosie jinsi ilivyo.

Yule bwana wa dola 1,500 mwache. Anayeahidi viza bila benki atatengeneza karatasi za uongo, na jina litakaloharibika ni la mtoto. Ubalozi mdogo wa Afrika Kusini uko hapa hapa Lubumbashi; nenda mwenyewe ukaulize dosie inapokelewa wapi na ada ni ngapi leo.

Baba mdogo bado ana kazi kubwa. Akubali kumpa mtoto mahali pa kulala kwa barua yenye anwani, aongeze nakala ya kibali chake na relevé zake kama atasaidia kulipa. Mpigie leo jioni, umuombe azitume mapema.