Kushukuru kwa uumbaji si kuabudu miti

Dada, umeuliza namna ya kuendesha sala ya shukrani kwa uumbaji katika shirika lenu hapa Goma, na wazee wanaogopa kwamba ni kuabudu miti. Wasomeeni Warumi 1:25: kosa ni kuabudu kiumbe mahali pa Muumba. Zaburi 104 inamsifu Muumba kwa kutaja chemchemi, majani, ndege.

Kipindi chenyewe cha sala hii ya uumbaji ni 1 Septemba hadi 4 Oktoba, sikukuu ya Fransisko wa Asizi. Someni Zaburi polepole, kisha kila mtu ataje kitu kimoja tu: maji ya ziwa Kivu, maharage, mvua. Bila hivyo, shukrani hugeuka maombi ya pesa na viza (mnajua wenyewe).

Mkitaka pia kupanda miti, msiipande tarehe 1 Septemba. Subirini mvua ishike. Juu ya mawe ya volkano miche hufa kwa sababu mizizi haina udongo. Chimbeni shimo la sentimita 60, upana na kina, mjaze udongo beseni mbili kwa moja ya mbolea iliyooza. Ondoeni mfuko wa plastiki kabla ya kupanda. Mbuzi je? Zungushieni uzio siku hiyohiyo.