Jibu: Kwa nini leo tunashangilia utajiri kuliko zamani?

Ndugu, umeuliza ni lini Watanzania tulianza kumpigia makofi tajiri bila kujali kapataje mali. Mimi naona sheria na siasa zilitangulia, mioyo ikafuata.

Azimio la Arusha la 1967, tamko la siasa ya ujamaa, lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Mwenye nyumba tatu za kupangisha aliitwa kupe, mnyonyaji. Sifa zilikwenda kwa mkulima: jembe lipo kwenye bendera ya CCM mpaka leo, na wanafunzi walikwenda nalo shuleni kulima shamba la shule. Halafu uchumi ukayumba, maduka yakawa matupu, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti yale. Kupe wa jana akawa mwekezaji!

Sisemi turudi kwenye foleni za sukari, hapana. Lakini inaniuma nikiwa harusini, MC anamwita mbele mwenye gari jipya atunze, vigelegele juu, huku mwalimu aliyemfundisha bwana harusi kusoma ameketi meza ya nyuma na hakuna aliyemtaja.