Kwa Wifi Yangu, Kuhusu Huyo "Yaya" Mnayemsema

Wifi yangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama nawe, kwa kuwa ni muuguzi, uje Uingereza pamoja na mumeo, na papo hapo unanieleza kwamba huko Kilifi inasemwa nimemgeuza kaka yako kuwa yaya ilhali mimi natajirika. Nitakujibu bila kukuficha, ingawa hilo la yaya limenichoma.

Zamu yangu huanza saa moja na nusu asubuhi na kwisha saa mbili usiku, na shule huwatoa watoto saa tisa na kitu alasiri. Nani atasimama langoni kumpokea mtoto? Shangazi hayupo, viza yetu haitupi haki ya misaada mingi ya serikali, na chekechea ya yule mdogo ingekula zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Ndiyo maana siku za zamu zangu kaka yako hukaa na watoto, kisha usiku, ikiwa kesho yake nitakuwa nyumbani, yeye, mwalimu wa hesabu, huenda ghalani kupakia maboksi. Tukipishana mlangoni hunikabidhi watoto kama tunavyokabidhiana wagonjwa wodini: mkubwa amekula, mdogo alipanda homa, dawa amepewa saa kumi. Fedha za matibabu ya mama hutoka katika usiku huo wa ghalani, kwa hiyo mwambieni mama kwamba anayezituma ni huyo yaya.

Halafu kuna usajili wa uuguzi wa hapa. Kabla ya kufaulu mtihani wa vitendo unalipwa kama msaidizi, hata kama huko ulikuwa msimamizi wa wodi. Nilipokuwa nikijiandaa, kaka yako ndiye aliyelala zuliani akawa mgonjwa wangu, nikimpima shinikizo la damu huku ameshika karatasi ya hatua, akinikatiza kila niliposahau kunawa mikono.

Basi njoo na mumeo, wifi. Machi 2024 walezi wa wazee walioajiriwa kutoka nje walikatazwa kuja na mwenzi au watoto, bali sisi wauguzi bado tunaruhusiwa, na viza ya mwenzi humpa ruhusa ya kufanya kazi. Lakini kama mumeo ni wa kungoja chai mezani, afadhali uje peke yako, maana utatoka zamu ukiwa hoi umkute yeye na masufuria wote wanakungoja. Wala usiniamini sana hapo, kwani nina wenzangu waliowaacha watoto wachanga huko nyumbani, nao hulia chooni wakati wa mapumziko.

Kabla hujalipia mtihani wowote, mpe mumeo ratiba ya zamu za mwezi mzima, za usiku na za sikukuu zikiwemo, aandike kwa mkono wake nani atakaa na mtoto kila siku. Nitumie picha ya karatasi hiyo, ndipo tuzungumze habari za tiketi.